Kobe Hakupinduka

Majina ya mabingwa wa ngumi za uzito wa juu ninayo yote, tangu wale wa enzi za redio ya betri hadi hawa wa sasa. Nilisoma mpaka darasa la pili nikatolewa, lakini jina likishaingia sikioni mwangu halitoki. Hapa sitaandika hata moja. Kuna jina moja nililitumia kuapia uongo, na tangu siku hiyo hayo mengine nayaogopa.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli hapa Tabora. Alipenda ngumi kuliko chakula, ila alikuwa msahaulifu. Nani alimpiga nani, raundi ya ngapi, kwa mkono upi, yote aliniuliza mimi. Akaniita Kanda, kama ile ya kaseti. Akirudi kazini ataniambia Kanda, rudisha nyuma, nami naanza huku nachambua mchele.

Bingwa wake alikuwa mmoja. Sisi nyumbani tulimwita Kobe, maana mtangazaji alisema anapigana amejikunja, kichwa amekizamisha mabegani, anasogea mbele tu. Mume wangu alikuwa akisema kobe mpige rungu, mpige jiwe, lakini huyu hapinduki.

Wa kubishana naye alikuwa mwenzake wa kazini, Mgogo. Sisi ni Wanyamwezi, na Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe kwenda pwani, wakapita kwao kwenye ukame, na babu zao wakawatoza hongo kwa kila kibuyu cha maji. Ndiyo maana mpaka leo mtani hakasirikiwi. Akichukua kuku wako, unacheka. Huyu alikuwa akiingia kwetu Mtendeni bila hodi, anakwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Mume wangu anamwambia alipe hongo kwanza. Yeye anajibu kwamba mpagazi hali kabla mzigo haujafika. Mimi aliniita mke wangu, mume wangu akiwa amekaa pale pale, nami nilimwita mwizi wa maji.

Walipostaafu, mtani alihamia Goweko alikooa, akawa analima karanga. Kila mwezi alipanda treni kuja kututazama. Wakati huo ngumi zilikuwa zinaonyeshwa kwenye kibanda umiza cha jirani, wale wazee wawili wanakaa benchi la mbele na vijana. Huko mtani akapata bingwa wake, jitu refu la siku hizi, tukaliita Kabati.

Basi ikawa kila mwezi ni Kobe na Kabati. Mume wangu alisema wa zamani walipigana raundi kumi na tano na njaa tumboni, hawa wa leo kumi na mbili tu, na nusu yake wamekumbatiana kama wafiwa. Mtani alisema Kabati hana haja hata ya kupiga. Atamwekea Kobe kiganja kwenye paji la uso, amwache arushe ngumi hewani mpaka achoke, halafu amfunike na shuka. Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilipoulizwa nilisema watu wa nyakati mbili hawapigani, kama vile mvua ya mwaka huu haiwezi kugombana na ya mwaka jana. Hawakunisikiliza.

Mwaka juzi mume wangu alianza kupotea. Alisahau mlango wa choo, akasahau jina la binti yetu wa pili. Kobe hakumsahau. Siku moja akamwambia mtani kwamba Kobe maisha yake yote hakuwahi kugusa sakafu. Mtani akasema aliigusa, raundi ya tano, alisikia kwa masikio yake. Wakawekeana sharti: atakayeshindwa awe mpagazi, abebe mzigo kichwani toka stesheni hadi kwa mwenzake, mchana, watu wakitazama. Shahidi awe Kanda.

Sasa nieleze. Pambano alilolisema mtani lilitangazwa redioni alfajiri, miaka ya ujana wetu. Redio ikaanza kukwaruza, mume wangu akatoka kunyoosha waya wa antena juu ya bati. Alipokuwa huko juu, Kobe akaanguka. Nilisikia mwenyewe, nilisikia wakihesabu, wakafika saba akainuka. Mume wangu aliporudi ndani sauti imeshatulia na Kobe yuko mbele tena. Akaniuliza amekosa nini. Nikasema hamna. Alikuwa na furaha kama mtoto, nikaona ya nini. Neno hilo dogo nililifungia miaka yote ile, na sasa wazee wawili wananitazama.

Mume wangu macho yake yalikuwa na woga. Alikuwa anasahau kila kitu, na hicho kimoja ndicho alichokuwa amekishika. Nikasema Kobe hakupinduka.

Mtani akanitazama. "Mke wangu, haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu," nikasema. Nikalitaja na jina kamili la yule bingwa, la kwake na la baba yake, ili wasadiki.

Hakubisha. Mwezi uliofuata alishuka kwenye treni na nusu gunia la karanga, akajiwekea ngata kichwani, akalibeba mwenyewe. Watoto wakamfuata wakimwita pagazi, naye akawaimbia wimbo wa misafara, anachechemea. Mume wangu alisimama mlangoni anapiga makofi. Hatua chache kabla ya kufika kwetu pana mtaro. Mtani aliukanyaga ukingo, akaenda chini na gunia lake. Alipolala pale alisema karanga zihesabiwe kama hongo, tukacheka, kisha tukaona hawezi kuinuka. Alikuwa amevunjika nyonga.

Hakusimama tena sawasawa. Alirudishwa Goweko, akawa mtu wa kitandani. Nilikuwa najiambia nitakwenda nimwambie ukweli. Lakini mgonjwa wangu nimwache na nani? Na nilijua si hilo tu lililonizuia. Mwaka huu, baada ya mavuno ya karanga, wakatuletea habari ya msiba.

Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Huigiza marehemu, hulala kaburini akadai malipo ndipo atoke, husema maovu yote ya marehemu na ya kwake mwenyewe, na hakuna anayechukia. Kazi ile ilikuwa ya mume wangu, lakini mume wangu alikuwa hajui hata kwamba kuna msiba. Nikamwacha na binti yetu, nikaenda mimi. Nilifika kaburini na fimbo yangu, nikasimama ukingoni, nikasema kwa sauti ili nitue mzigo.

"Huyu mwizi wa maji nimemuua mimi. Kobe alipinduka, raundi ya tano. Nilimwapia uongo nikambebesha gunia."

Wakacheka. Walidhani ni utani. Wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja akasema Wanyamwezi wamelipiza hongo yao leo. Nikarudia, nikalia, wakazidi kucheka wakisema bibi anajua kazi.

Mjane peke yake hakucheka. Baadaye, tumekaa mkekani, akaniinamia. "Dada, alijua. Vijana walimwonyesha pambano lile kwenye simu, kabla hajaja kwenu na karanga. Nilimwambia usiende na magoti hayo. Akaniambia mtani hashtakiwi."

Nilirudi Tabora na neno hilo. Nilidhani msamaha hupunguza uzito.

Asubuhi mume wangu aliniuliza mtani anakuja lini. Nikamkalisha, nikamwambia yote: waya, bati, raundi ya tano, kiapo. Akauliza, "Kobe aliinuka?"

"Walihesabu saba, akainuka."

"Basi mimi ndiye nimeshindwa," akasema. "Nitafutie ngata. Nikampokee stesheni, leo nambebea mimi."

Sikuweza kumwambia sehemu iliyobaki, ile ya kaburi. Nikaenda ndani, nikachukua kanga kuukuu, nikaizungusha ngata. Mengine yote niliyomwambia asubuhi ile yameshamtoka, hilo la kushindwa limembakia. Kila siku yenye treni anavaa viatu, anakaa kibarazani, ngata iko magotini, ananiuliza kama imeshapiga honi. Namwambia bado.