Nilivyoitibu Kompyuta ya Kikatiti

Asubuhi hiyo niliondoka Sombetini bila mpango wowote, nikapanda daladala, nikashuka Kikatiti kwa sababu ya njaa. Jirani na mgahawa, Mama Neema wa duka la kuchapisha alikuwa akiilaani kompyuta yake. Kila ilipoanza kusoma diski, iliganda.

Shule niliiacha kidato cha pili, ila mtandaoni nimesoma kila kitu. Nikamweleza kwamba kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, huipa diski kazi, kisha husubiri ishara kuwa imemaliza. Ishara isipofika, kinasubiri hadi kiama. Akaniamini, maskini.

Mzee mmoja alikuwa kwenye benchi akisubiri ratiba ya mazishi ya dada yake.

"Shikamoo mzee. Dakika kumi tu."

"Marahaba. Fanya basi."

Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima kidhibiti cha diski, kile kinachoiunganisha na kompyuta, nikaiwasha kompyuta kwa mfumo uliokuwa kwenye flashi yangu. Haikuganda tena. Nikaegemea kiti kama daktari bingwa.

"Haya, fungua ratiba ya mzee," akasema Mama Neema.

Hapakuwa na ratiba, wala faili la duka hata moja.

"Yako wapi?"

"Kwenye diski, mama."

"Na diski?"

"Nimeizima."

Mzee akainua kichwa taratibu. "Kwa hiyo ng'ombe akipiga mateke, wewe unamwacha zizini unakamua ndoo?"

Mama Neema alichukua begi langu, akalisukuma chini ya meza yake.

"Mazishi ni kesho saa nne, fundi. Kitanda kipo chumba cha nyuma, na mlango nafunga mimi."