Kilo ya Taulo, Kilo ya Mashati

Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani baada ya chuo, humjibu kwamba nilikuwa kwenye biashara ya kukausha nguo. Kisha naanza kujiuliza kama nimesema kwa aibu au kwa majivuno, na kwa nini ameitikia vile alivyoitikia. Lakini sidhani kama darasa lolote lilinifunza kama chumba kile cha mtaa wa Kileleshwa, ghorofa ya chini ya jengo la kupangisha, ambako niliingia na shahada yangu ya uhandisi nikapewa kazi ya kupokea nguo chafu dirishani.

Ilikuwa Julai. Mawingu yalishuka asubuhi yakakaa hapo hapo hadi jioni, na nguo uliyoanika Jumatatu uliianua Jumatano ikinuka uvundo. Isitoshe, majengo mengi ya Kilimani na Kileleshwa hayataki kuona nguo zikining'inia kwenye roshani. Ilani imebandikwa ndani ya lifti. Watu wakatuletea nguo zao kwa mabegi, kwa masanduku ya safari, hata kwa boda boda. Mwenye duka, mama wa makamo kutoka Mombasa ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa pia na duka la vitambaa mjini na alitutembelea mara mbili kwa wiki. Alikuwa ameniajiri kwa majaribio ya miezi mitatu.

Mwezi wa mwisho wa majaribio hayo, muuzaji mmoja wa mitambo alimletea mashine mbili za kukausha nguo, draya kama tunavyoziita, za kampuni mbili tofauti. Azitumie wiki nne, anunue moja, nyingine watakuja kuichukua.

"Wewe ndiwe msomi," Madam aliniambia. "Zitazame zote mbili, uniandikie ipi ibaki. Na hiyo ripoti ndiyo itakayonionyesha kama nawe pia utabaki."

Alicheka aliposema hivyo. Nilikichunguza kicheko chake kwa siku mbili. Wiki nne za mashine na miezi mitatu yangu ziliishia siku moja, Ijumaa.

Lazima niseme kwamba nilizipenda mashine zile tangu siku ya kwanza. Draya ya kawaida huvuta hewa, huipasha moto, huipitisha kwenye nguo, kisha huitupa nje ikiwa bado na joto uliloligharamia. Hizi zilikuwa za pampu ya joto, nazo hazitupi kitu. Hewa ile ile huzunguka ndani. Ikitoka kwenye nguo ikiwa na unyevu, hupozwa hadi maji yadondoke kwenye chombo chake. Kisha hupashwa joto tena kwa joto lile lile lililotolewa humo, na kurudishwa kwenye nguo. Ni kama friji lililoamua kufanya kazi ya jua. Hukausha polepole, kwa moto mdogo, kwa stima kidogo. Nilisimama mbele ya kioo chake nikitazama shuka zikipinduka, nikaona haya kwamba chuoni niliandika mtihani wa jambo hili bila kulistaajabia.

Lakini kuna mtu mmoja niliyemstaajabia zaidi ya mashine. Alikuwa mama kutoka upande wa Vihiga, aliyefua nguo za watu kwa mikono katika nyumba za Kileleshwa kwa miaka mingi kabla Madam hajamchukua. Jengo zima lilimwita Mathe, yaani mama kwa lugha ya mtaani, nami pia. Yeye aliniita Injinia, na hakuna siku neno lile lilitoka kinywani mwake bila kubeba dhihaka kidogo juu yake.

Wiki ya pili draya zote mbili zilianza kuchelewa. Nilisoma kitabu cha maelezo mara tatu. Nikashuku stima ya jengo. Nikashuku baridi ya chumba, kwa maana pampu ya joto haipendi chumba baridi. Nikashuku kwamba sakafu imeinama, nikaweka glasi ya maji juu ya kila mashine kupima usawa. Mathe alinitazama nikihamisha glasi.

"Unazipatia chai?" aliuliza.

Kisha akachomoa kichujio, ule wavu unaonasa manyoya ya nguo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwambia nilikuwa nimekisafisha asubuhi ile, na kweli kilikuwa safi, hakikuwa na unyoya hata mmoja. Akakipeleka chini ya mfereji, akafungulia maji kidogo. Maji yakatuama juu ya wavu kama yaliyomwagwa kwenye sahani.

"Maji haipiti," alisema. "Sasa hewa itapita aje?"

Ilikuwa dawa ya kulainisha nguo. Ilikuwa imeacha utando usioonekana juu ya wavu. Alivisugua vichujio vyote viwili kwa sabuni na mswaki mkuukuu, akavitandaza juu ya gazeti vikauke, na mchana mashine zilirudi kwenye mwendo wake. Niliiandika njia ile kwenye daftari langu kama mtu anayenakili dua. Tangu siku hiyo tulivisugua kila Jumatatu, nami nikajiambia kwamba sasa hali ya mashine zote mbili ni sawa, na kilichobaki ni kupima.

Na nilipima. Moja ilikuwa imewekwa ukutani, nyingine karibu na mlango, hivyo tuliziita ya ukutani na ya mlangoni. Kila mzigo ulioingia niliuandikia saa ya kuanza, saa ya kumaliza, stima iliyotumika, joto la chumba, na uzito. Uzito sikuhitaji kuutafuta, kwa kuwa mteja hulipa kwa kilo na nguo hupimwa anapozileta. Kilo saba huku, kilo saba kule. Ulinganisho ulikuwa wa haki kabisa.

Matokeo hayakuwa na utata. Ya mlangoni ilimaliza kwa chini ya saa mbili. Ya ukutani ilikaribia saa tatu na kula stima zaidi, mzigo baada ya mzigo, kwa wiki mbili nzima. Jumatano, siku mbili kabla ya lori kuja, nilimpelekea Madam ripoti ya kurasa sita: ya mlangoni ibaki, ya ukutani irudi. Akajibu kwamba ameshawaarifu wenye mashine waje kuchukua ya ukutani Ijumaa saa sita. Nililala vizuri usiku ule, jambo ambalo lingepaswa kunitia wasiwasi.

Alhamisi mchana sikuwa na la kupima. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimtazama Mathe akitoa nguo kwenye mashine ya kufulia, labda kwa mara ya kwanza bila daftari mkononi. Alizamisha mikono, akatenga bila kutazama. Taulo, akazitupa kwenye kikapu cha ukutani. Suruali za jinzi, ukutani. Shati la ofisi, mlangoni. Jingine, mlangoni. Duveti nene la kujifunikia, ukutani. Gauni jepesi la maua, mlangoni. Mikono yake ilijua njia.

"Mathe," nilisema, "kwa nini unazitenga hivyo?"

"Hivyo aje?"

"Nzito kule, nyepesi huku."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chai hunywewa kikombeni. "Si hiyo ya ukuta ndiyo iko na nguvu? Hii ya mlango ni ya kusalimia tu. Ukiipatia duveti inakuambia imekauka, unatoa, katikati ni maji."

"Umekuwa ukifanya hivi tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye ndoo. Kilo saba za mashati ya ofisi, yale ya nailoni na pamba kidogo, zikitoka kufuliwa hubeba maji machache. Kilo saba za taulo na jinzi hunywa maji kama ardhi ya Februari. Mimi nilizipima zikiwa kavu, dirishani, kwa mizani ya kumtoza mteja. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeishindanisha mashine iliyobeba magunia na mashine iliyobeba mkoba, kisha nikaandika kurasa sita kuilaumu ya magunia kwa kutembea polepole.

Nilimweleza Mathe. Alisikiliza hadi mwisho, akiendelea kutenga.

"Basi mwambie Madam ulikosea."

"Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho ya majaribio. Nikimwambia ripoti ni ya uongo, ataona nini?"

"Ataona ulikosea."

"Na nisipomwambia?"

"Utaniacha hapa na hii ya mlango," alisema, "na duveti za watu wote wa Kileleshwa." Hakusema kwa ukali. Aliokota shati, akalitupa kikapuni. "Injinia, hakuna mtu amekufa. Piga simu."

Kwanza niliandika ujumbe, nikaufuta. Nikaandika mwingine ulioanza na neno "kimsingi", nikaufuta pia. Nikatoka nje nikasimama chini ya mjakaranda wa kando ya barabara, nikapiga.

"Madam, ile ripoti. Nadhani nimekosea."

"Wadhani, au wajua?"

"Najua nimekosea. Sijui bado ni kwa kiasi gani."

Nilisikia mtu dukani kwake akiulizia kitambaa cha pazia. "Wale watu waja saa sita," alisema mwishowe. "Mimi ntafika saa tano. Nikifika, uwe wajua."

Ijumaa niliondoka chumbani kwangu karibu na Adams Arcade kukiwa bado na ukungu, ili nifike wa kwanza. Nilimkuta Mathe ameshafika, na taulo za nyumba moja ya wageni ya Kilimani ziko kwenye mashine ya kufulia, zinamaliza kukamuliwa. Sikuwa nimemwomba.

Tulizipima zikiwa zimelowa. Tukazigawa nusu kwa nusu, idadi sawa, uzito sawa wa maji. Vichujio tulivisugua tena, na kwa ajili ya haki nikafuta kwa siki vile vyuma viwili vidogo vilivyo ndani ya kila mashine, vinavyogusa nguo kujua kama zimekauka, maana navyo hushika utando. Saa moja na nusu tukaziwasha zote mbili kwa pamoja. Mathe akaanza kupiga pasi. Mimi nikaanza kutembea.

"Kaa chini," alisema. "Hazikauki kwa kutazamwa."

Saa tatu na dakika kumi, ile ya mlangoni ililia na kuwasha taa ya kumaliza. Nilitoa taulo moja ya juu. Ilikuwa kavu na ya moto, kana kwamba ripoti yangu ilikuwa sahihi. Mathe aliweka pasi kando, akaja, akaupitisha mkono wake chini hadi katikati ya rundo, akavuta taulo moja iliyojiviringisha.

"Shika pindo."

Pindo lilikuwa baridi na maji. Tulizipima zote: zilikuwa zimebakiza zaidi ya kilo moja ya maji. Tukazirudisha. Ya ukutani iliendelea kuzunguka bila haraka, ikamaliza saa nne kasorobo, na pale pindo lilikuwa kavu, na katikati kukavu, na mizani ikakubali. Ya mlangoni ilikuwa bado inahangaika na mzigo wake wakati Madam alipoingia saa tano, akiwa na mkoba wake na harufu ya udi.

Sikumwonyesha daftari. Nilimwomba ashike taulo. Alizamisha mkono kwenye kikapu cha taulo zilizotoka ya ukutani, kisha nikafungua ya mlangoni akazamisha humo, akautoa mkono akautazama. Nikamweleza habari ya kilo, na mizani ya dirishani, na jinsi nilivyogundua. Nilisema ni Mathe aliyejua.

"Tangu lini?" Madam alimgeukia.

"Wiki ya kwanza, Madam."

"Na mbona hukusema?"

"Hakuna mtu aliniuliza. Injinia alikuwa anaandika, nikajua ameona."

Madam alinitazama kwa muda ambao bado naupima hadi leo. "Kurasa sita," alisema. Kisha akacheka, na safari hii nilielewa kicheko. "Jumatatu waniandikia nyingine. Ukurasa mmoja. Na kabla ya kuiandika, ukae na huyu mama umuulize."

Jumatatu. Nilichelewa kidogo kulisikia neno hilo, maana majaribio yangu yalikuwa yanaisha siku hiyo.

Saa sita watu wa lori walifika, wawili, wakiwa na kigari cha kubebea na karatasi. "Ni ya ukutani, si ndiyo?" mmoja aliuliza, akiwa ameshaanza kulegeza bomba.

"Hapana," nilisema. "Ya mlangoni." Akatazama karatasi, akamtazama Madam. Madam akaitika kwa kichwa.

Walipoondoka palibaki mraba wa sakafu safi karibu na mlango. Mathe alitia duveti la mteja kwenye mashine iliyobaki. Alivuta chombo cha maji yaliyotoka kwenye taulo, akayachuja kwa kitambaa, akayamimina kwenye pasi ya mvuke, kama alivyofanya kila siku. Maji yale hayaachi chokaa. Hakuna kilichotupwa, si na mashine wala na yeye.

Mashine ilipomaliza alifungua mlango wake. "Injinia, njoo. Weka mkono."

Niliuzamisha hadi katikati, nikatafuta kona, nikatafuta pindo.

"Imekauka?"

"Imekauka," nilisema.

"Uko na hakika?"

Nilifikiri. Nikaurudisha mkono ndani.