Fundi aliyeinuka mbele ya mkwe

Asubuhi, mtaa wa Kamalondo. Stanislas Kazadi anasukuma pedali ya cherehani kwa mguu wa kushoto. Wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda, kama mzigo wa mtu mwingine.

"Papa Sta, robe yangu unaishona na muguu moja?" mteja wake, Chadia, anayengoja gauni lake, anamtania.

"Unataka robe, ao unataka miguu?"

Wanacheka. Fundi ndiye wa kwanza kuacha kucheka, pumzi imemkatika.

Ana miaka 46. Moyo wake una kasoro, na kila jioni humeza dawa ya kuzuia damu isigande. Mwaka jana madaktari walimpitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni. Walikuta mshipa mmoja karibu umeziba. Kuuzibua wakapanga siku nyingine.

Kwa damu nyepesi kama yake, tundu lile dogo lilikuwa la kuogopwa. Muuguzi alilibana muda mrefu, kisha akamwonya: alale chali, asiinuke, asikunje mguu hadi asubuhi.

Jioni hiyo akaingia wodini mama mkwe wake, Kapinga. Kwa Waluba wa Kasai, mwanamume halali mbele ya mama wa mkewe.

"Mutu atazani nilisahau," anasema Stanislas. "Sikusahau. Haya ilinishika. Nikaamuka, nikaikala kitako."

Mkewe, Claudine, ndiye aliyeona shuka. "Nilizani amemwanga maji. Nagusa, iko moto. Ni damu! Mama akakimbia inje, analia: 'Nimeua bwana ya mutoto wangu!'"

Damu nyingine ilijaa ndani ya paja. Aliongezewa chupa nne, akapasuliwa. Mshipa wa fahamu uliumia, na mguu haujarudi katika hali yake. Nguo ya siku moja sasa inamchukua wiki.

Daktari anataka kuuzibua ule mshipa, safari hii akipitia mkononi, ambako damu huzuilika kwa urahisi zaidi. Stanislas aliomba muda.

"Muguu nilishatoa. Mukono ndio chakula ya batoto."

"Na ukikufa," Claudine anamkata, "ile mukono itashona nini?"

Stanislas anakata uzi kwa meno.

Hata hivyo amekubali: Alhamisi, mkono wa kushoto. Kapinga, ambaye hajakanyaga kwao tangu siku ile, ametuma neno kwamba atakuja kumwombea kando ya kitanda.

"Nimemutumia jibu, na heshima yote," anasema Stanislas. "Mama, ombea ku nyumba. Ukiingia, najijua, nitaamuka tena."