Siku ya Usaili

Redio ilipotaja majina yangu yote matatu, nilisimama na sahani mkononi, na baada ya hapo sikusikia kitu.

Nilikuwa na mwaka mzima tangu nimalize chuo kikuu. Serikali ilikuwa imeacha kutupangia kazi, na barua zangu zilijibiwa na kampuni moja tu, ngeni, ya kununua tumbaku Namtumbo. Walisema wataita watu kwenye usaili kwa redio. Tangazo lenyewe lilisomwa mara moja tu.

"Siku gani?" niliuliza.

Mama bado alikuwa anapiga vigelegele. Baba akasema, "Vyeti halisi, siyo nakala. Hilo nimelishika." Aliwahi kukosa ukarani kwa sababu ya nakala. "Na siku ni Ijumaa."

"Jumatano," alisema bibi, akiendelea kuchambua maharage. "Saa mbili asubuhi."

Ilikuwa Jumanne mchana.

"Mama, masikio yako siku hizi..." baba alimwambia bibi.

"Masikio yangu yana nini? Huyu mume wangu, msomi mzima, kasikia jina lake tu. Kwani alikuwa halijui?" alisema bibi, akinitazama mimi.

Mama alicheka. Baba amesoma, bibi hajui hata a. Lakini wote wawili walisema baada ya tangazo langu kulikuwa na la mkutano wa ushirika. Huenda Ijumaa ni ya mkutano. Au Jumatano ndiyo ya mkutano. Nauli ilikuwa ya safari moja.

"Bibi, una hakika?" Nilikuwa nauliza mara ya tatu.

"Mjukuu wangu, mimi redio naisikilizia misiba. Wakimtaja marehemu, wenzangu wanaanza kulia. Mimi nanyamaza mpaka waseme siku ya kuzika na mahali. Nikilia mapema, nitakuta kaburi limeshafukiwa."

Baba alinyanyuka. "Ule msiba wa Hanga," alisema, "ni yeye aliyetufikisha kwa wakati." Akaingia ndani kutafuta vyeti vyangu.

Niliondoka jioni ile ile kwa lori la mahindi, nikiwaza njia yote kwamba pengine wote wawili wamekosea.

Asubuhi mlinzi wa kampuni alifungua daftari getini. "Umeitwa leo?"

"Ndiyo," nilisema, kama mtu anayejua.

Alishuka na kidole ukurasa wa kwanza, polepole. Akageuza wa pili. Kidole kikasimama, akanionyesha benchi.

Majina ya walioitwa siku hiyo yalijaza kurasa mbili. Saa mbili ilipofika, kwenye benchi tulikuwa watano.