Swali la Mama Valary

Mke wa mwanangu Nicholas anaitwa Phelesia, lakini mimi humwita mama Valary, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, maana kwetu Wajaluo mzee hatamki ovyo jina la mke wa mwanawe. Ana mikono myepesi kuliko wanawake wote wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale Sindo, na kicheko chake hufika ziwani kabla yake. Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki tu. Mimi nimezunguka masoko mengi nikishona miavuli, toka Uriri hadi Homa Bay, kwa hiyo changu kinatosha kidogo.

Ndiyo sababu nilimsindikiza hospitali ya Homa Bay. Nicholas alikuwa Kericho akichuma majani chai. Mama Valary alikuwa na mimba ya miezi mitano, na alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hilo neno nimeliandika sasa. Siku ile halikutoka mdomoni.

Muuguzi anayejua Dholuo, lugha yetu, alikuwa ameitwa wodi ya wazazi. Daktari Kerosi akaniuliza, "Mzee, wewe ni baba yake?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu yeye huniita baba. Daktari akaelewa kwamba nimemzaa.

Mama Valary alikuwa amelala nyuma ya pazia. Mimi nilikaa mlangoni, nimeupa mgongo upande ule, sauti nimeishusha. Daktari akasema, "Mwambie ni saratani. Miezi ya mwanzo ya mimba imepita, kwa hiyo tunaweza kumpasua, kisha tumpe dawa huku mtoto akiwa bado tumboni. Wengi huzaliwa salama. Lakini asingoje. Aje Alhamisi ijayo."

Mimi nikamwambia kwa Dholuo, "Wanasema una ugonjwa mbaya, watakupa dawa kali. Urudi Alhamisi." Yale ya kupasuliwa, na ya mtoto, niliyaruka. Ningeyasemaje, mimi baba mkwe?

Akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Baba, muulize kama hiyo dawa itaua mtoto aliye tumboni."

Daktari alikuwa ananitazama. "Anasemaje?"

Nikanong'ona, "Anauliza kama anaweza kuendelea kula samaki."

Daktari akatabasamu, akaitikia kwa kichwa mara mbili.

Njia nzima ya kurudi hakucheka. Nilidhani ni uchovu. Kesho yake nikabeba sindano na nyuzi zangu, nikaenda zangu Uriri.

Wiki sita baadaye simu yangu ililia nikiwa sokoni, mwavuli wa mtu magotini. Alikuwa Zilpah, yule muuguzi anayejua Dholuo. Namba yangu ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi.

"Mzee, yule mama mlimficha wapi? Daktari amengoja mpaka amechoka. Ni yeye alikataa, au nyinyi?"

"Sijui, sista."

"Hujui, na wewe ndiye ulikuwa mdomo wake?"

Nilimrudishia mwenye mwavuli mali yake bila kumaliza. Jioni hiyo nikafika Sindo. Mama Valary alikuwa ameinama anakusanya omena kwenye nyavu, tumbo limekuwa kubwa.

"Mbona hukurudi hospitali?"

"Baba, si niliuliza kama dawa itaua mtoto? Kwenye upenyo wa pazia nilimwona daktari akiitikia kwa kichwa. Nikaona mtoto azaliwe kwanza. Mimi nitaangaliwa baadaye, kama nitakuwepo."

Ningeweza kunyamaza hapo. Nilitaka sana kunyamaza.

"Sikumuuliza hivyo," nikasema.

"Ulimuuliza nini?"

"Kama unaweza kula samaki."

Alicheka kile kicheko chake, kikakatika katikati. Akaketi chini mchangani, omena wakamwagika. "Samaki," akasema. "Mimi, wa Sindo."

Nikamwambia yote aliyosema daktari, kwa majina yake, titi nikaliita titi. Nilitazama miguu yangu. Yeye alisikiliza, mkono mmoja tumboni.

Asubuhi tulikuwa Homa Bay. Zilpah alimshika mkono. Nilipoinuka niwafuate, mama Valary akageuka. "Baba, wewe kaa hapa nje."

Nilikaa kwenye benchi. Nilimsikia akiuliza mwenyewe swali moja, la pili, la tano, na Zilpah akiyapeleka yote. Nikamsikia daktari pia, akisema uvimbe umekua, na kwamba wiki sita ni nyingi.

Walimpasua wiki ile, kisha wakaanza dawa. Mtoto alizaliwa mdogo lakini mzima, msichana. Mama yake bado huenda Homa Bay, nywele zimeota nusu, na daktari hajamwambia kwamba amepona. Sasa maswali yake hayapiti kwangu.

Nikifika Sindo hunipakulia samaki, anamweka mbele yangu watu wote wakiwepo. "Kula, baba. Daktari ameruhusu."

Wote hucheka, hata Nicholas. Mimi hula, macho kwenye sahani.