Hatua Elfu Nane za Bangwe

Nilipohamishiwa Kigoma nilipata nyumba Katubuka, nyumba nzuri yenye madirisha mapana na dari ambayo fundi aliisahau. Mimi ni mpima ardhi, mzaliwa wa Makete, mahali ambapo mtu hulala na sweta na kuamka akitafuta sweta la pili. Mwezi wa tisa ulipoingia, bati la nyumba ile lilikuwa linaanza kazi asubuhi na mapema, na kufikia saa kumi jioni ungeweza kuchemsha chai sebuleni bila kuwasha jiko. Feni nilikuwa nayo. Ilichukua joto la upande huu na kulipeleka upande ule, na umeme ulipokatika ilipumzika. Nayo ilikuwa na haki ya kuchoka.

Mwezi huohuo presha yangu ikapanda. Daktari, mwanamume mpole ambaye kitambi chake kilitangulia kufika mezani, aliniambia nipunguze chumvi, niache mawazo, na kila jioni nitembee hatua elfu nane. Nilimuuliza kama amewahi kutembea jioni katika joto la mji huu. Akasema yeye hutoka na gari.

Nilianza na Katubuka. Siku mbili zilinitosha. Vumbi jekundu la barabarani lilinirudisha nyumbani na rangi ambayo sikuzaliwa nayo, na kila jirani niliyempita aliniuliza nakwenda wapi. Nilipojibu kwamba natembea tu, walisema pole. Siku ya tatu nikaamua kwenda kutembea ufukweni Bangwe, ambako niliambiwa kuna upepo. Nilipanda bodaboda. Dereva alipojua kwamba nakwenda Bangwe kutembea kwa miguu, alipunguza mwendo, akageuka kunitazama, halafu akaniambia kwa heshima kwamba anaweza kunishusha hapohapo kama hamu yangu ni kutembea.

Upepo wenyewe ulikuwepo, ingawa ulikuwa wa moto. Lakini nakiri, jioni ile ilinikamata. Maji yalikuwa yametulia. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilikuwa imepotea katika moshi wa mashamba yanayochomwa, na jua liliteremka kwenye moshi huo likiwa jekundu kama mawese. Wanawake walikuwa wanazoa dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani tangu asubuhi. Mchanga ulikuwa bado una joto, lakini joto la kuvumilika. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, nilipumua bila kujihurumia. Nikaamua kwamba nitakuja kila siku baada ya kazi, na nilikuja, karibu wiki tatu mfululizo.

Sasa nieleze nilivyokuwa natembea, maana hapo ndipo akili yangu yote ya chuo ilipotumika. Simu yangu huhesabu hatua, lakini ilikuwa inahesabu na mitikisiko ya bodaboda, kiasi kwamba nilifika Bangwe nimeshatembea hatua elfu mbili nikiwa nimekaa. Kwa hiyo nikawa nahesabu mwenyewe, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, na kila baada ya hatua mia mbili nasimama naandika kwenye kijitabu. Kwa kuwa giza huwa linaanza kuingia wakati narudi, na madereva wa bodaboda hawana desturi ya kumuona mtu, nilivaa kile kizibao cha rangi ya chungwa ninachovaa kazini tunapokwenda kupima viwanja. Usalama kwanza.

Watu wa Bangwe walinipokea vizuri mno. Wiki ya kwanza walinisalimia. Wiki ya pili walikuwa wananitolea viti. Mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, alinishika mkono akanionyesha mti uliopandwa na baba yake na jiwe lililowekwa na babu yake, akanisimulia ukoo mzima, nami nikamsikiliza nikifikiri kwamba nimepata rafiki. Mwanamke mmoja alinifungia samaki wawili, migebuka, kwenye gazeti, akakataa katakata kulipwa. Jioni moja nikakuta uzio wa matete uliokuwa karibu na maji umehamishwa nyuma hatua nyingi, na ufukwe umefagiliwa. Nilimpigia dada yangu simu Makete nikamwambia kwamba sijawahi kuona watu wakarimu na wasafi kama hawa. Mtu aliyesoma upimaji wa ardhi kwa miaka minne hakuona chochote cha kumtia shaka.

Jioni moja nilifika kwenye nyumba ya bibi mmoja, karibu na mahali ninapogeukia. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, na nilikuwa nimeipita kila siku. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba chumba cha nyuma hakina bati. Mbao za paa zilibaki zimesimama, na ndani niliona kitanda kimetandikwa vizuri, juu yake chandarua, juu ya chandarua anga. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, anachambua maharage. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Afadhali umefika. Niambie tu siku, sitakusumbua tena."

"Siku ya nini, bibi?"

"Ya kubomoa."

Nilisema sijui habari ya kubomoa. Aliweka ungo chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo walilokwisha kubaliana. Mpima wa serikali anakuja kila jioni akiwa amevaa kizibao. Anahesabu hatua kutoka majini. Anasimama, anaandika. Watu wamekwisha kujua kwamba nyumba zote zilizo karibu na ziwa zitawekewa alama nyekundu. Siku moja nilisimama mlangoni kwake, nikasema elfu nne na mia mbili, nikaandika, nikamtazama, nikatikisa kichwa.

Nilikumbuka. Nilitikisa kichwa kwa sababu nilikuwa nimebakiza hatua elfu tatu na mia nane na miguu inauma.

Bati alikuwa amelipeleka Ujiji kwa binti yake, ili tingatinga likija lisiliharibu. La vyumba viwili vilivyobaki lingefuata mwisho wa wiki. Yeye mwenyewe alikuwa analala mle chumbani mwa nyuma, siku ya kumi sasa, maana vile viwili vilijaa mizigo iliyofungashwa.

"Mimi natembea tu," nikamwambia. "Daktari ndiye aliyenituma. Nina presha."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Siendi popote. Nafika hapa, nageuka, narudi."

Akamwita binti yake huyo, aliyekuwa jikoni, aliyekuja kumsaidia kufungasha, wakaongea Kiha. Niliambulia neno moja tu, inzu, yaani nyumba, na nilivyoona binti anavyonikagua kuanzia viatu, nikajua kwamba sijaaminika. Niliketi pale kizingitini. Nilimwonyesha kijitabu, tarakimu tupu ukurasa baada ya ukurasa, nikidhani zitanisafisha. Bibi aligeuza kurasa polepole, akauliza ya kwake ni ipi.

Usiku ule presha yangu haikuhitaji kupimwa. Nilikuwa nimekula samaki wa watu, nimekalia viti vyao, nimewasifu kwa ukarimu, kumbe walikuwa wananibembeleza nisiwavunjie nyumba.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwanamume aliyenipokea akiwa amevaa koti katika joto lile. Aliposikia kwamba hakuna upimaji wowote, alionekana kuvunjika moyo, maana alikwisha kuunda kamati. Jumapili akaitisha watu. Nikasimama mbele yao nikaeleza yote: presha, daktari, hatua, kizibao. Walisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipomaliza, yule fundi wa mitumbwi akanyanyua mkono, akaomba kuuliza swali moja.

"Mheshimiwa, umesema unakaa Katubuka. Unapanda pikipiki kutoka Katubuka kuja kutembea Bangwe. Huko Katubuka hakuna njia?"

Watu walicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichosaidia kuliko maelezo yangu. Serikali inayokuja kubomoa haibabaiki namna ile. Yule mwanamke wa migebuka alisema kwa sauti kwamba basi angejua, samaki wale angempa mumewe.

Jumamosi iliyofuata nilikodi pikapu tukayafuata mabati Ujiji. Fundi alipanda juu, binti wa bibi na mimi tukawa tunapandisha bati moja moja, jua la saa sita likiwa utosini. Bibi alikaa kivulini akituelekeza, na kila bati lilipopinda kidogo aliniuliza mimi, wala si fundi, kama huko chuoni ndivyo tulivyofundishwa. Mikono yangu iliungua ikatoa malengelenge. Sikulalamika. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi iliponyesha, chumba kilivuja sehemu tatu kupitia matundu ya misumari ya zamani, na bibi akatuma salamu Katubuka kwamba kazi yangu ameiona. Nikarudi na fundi na kopo la lami.

Kutembea sikuacha. Kizibao nilikirudisha ofisini, kijitabu nikakiweka kabatini, na hatua nikawa nazikisia tu. Daktari alipima presha, akasema imeshuka kidogo, akajisifu.

Bibi naye siku hizi hunisindikiza kipande cha njia, jua likishapoa, khanga begani. Anasema miguu yake ilikuwa imekakamaa. Hutembea polepole, na huwa ananionyesha nyumba. Ile pale, aliniambia jana akinyoosha kidole kwenye ukuta mpya wa jirani yake, imeingia kabisa kwenye njia ya watu. Na ile nyingine yenye geti la bluu haina hata kibali. Kama siku moja serikali itanituma kweli, akasema, nisihangaike kuhesabu, nianze na hizo mbili.