Njia ya Ngamia Katikati ya Mikoko

Saa moja asubuhi maji yameshakupwa, na Barke Fumo amezama matopeni hadi magotini. Leso ameikaza kiunoni, kapu la miche ya mikoko linaning'inia begani, na kila hatua inamlazimu auchomoe mguu kama mtu anayeng'oa muhogo. Anatoboa shimo kwa kijiti, anachomeka mche, anashindilia tope kwa kisigino, anasonga.

Kila mara anainua kichwa kutazama upande wa bara. Nyuma ya vilima vya mchanga kuna vumbi, na vumbi hilo linakuja huku.

"Ni leo," anasema. "Mulki, yule mfugaji wa ngamia, aliniambia jana. Kundi geni, ukame umewafukuza huko juu. Hawatujui, nasi hatuwajui."

Sauti yake haina wasiwasi. Wasiwasi anao mumewe, Idris, ambaye tangu alfajiri anazunguka kwenye mashua yake akikagua mafuta ambayo alishayakagua. Kundi hilo likipita juu ya miche, kazi ya miaka itaishia tumboni mwa ngamia, na watu wa pande mbili wataanza tena kutazamana kwa jicho baya, bunduki zikiwa mabegani.

Ukimuuliza Barke ngamia na mikoko wapi na wapi, atakucheka usoni. "Ngamia anayapenda majani haya kuliko mtoto anavyopenda halua," anasema. "Yana chumvi. Akishayaonja, hata umpige fimbo haondoki."

Hori hili, mkono mwembamba wa bahari unaoingia bara, linatazamana na kisiwa cha Kudhaa, kusini mwa Kismayo. Barke alizaliwa kisiwani humo. Vita vya mwaka 1991 vilimkuta mtoto wa kubebwa mgongoni, akakulia Mombasa akilishwa hadithi za kwao. Mama yake hakuchoka kumsimulia hori lenye mikoko iliyosongamana hadi jua likakosa pa kupenya, na kaa wakubwa kama sahani.

Aliporudi na Idris na watoto, alikuta tope tupu na visiki. Miaka ya vita kila mwenye shoka alijifanyia alivyotaka. Wenye bunduki walikata mikoko wapate mkaa na boriti za kuuza, wenye njaa walikata wapate chakula, na wengine walikata kwa kuwa jirani anakata.

"Nililia," anasema waziwazi. "Nilimlaumu mama yangu kwamba alinidanganya. Masikini, hakudanganya."

Mikoko ilipokwisha, bahari ikaanza kuimega pwani. Kisima cha pekee cha eneo hilo, kilicho ng'ambo ya hori, kikaingia chumvi. Wanaokitumia ni wa pande mbili: Wabajuni wavuvi wa kijiji kilicho kando ya hori na wafugaji Wasomali wanaoshuka na ngamia wakati wa kiangazi. Wavuvi wakasema ngamia ndio wamekiharibu. Wafugaji wakasema wavuvi wanamwaga humo maji ya samaki. Chumvi ilikuwa ya bahari, lakini bahari haigombezeki, basi wakagombana wao kwa wao. Zikaanza ngumi, na baadaye mtu akafyatua risasi hewani.

Riziki ya Barke ni kushona nyavu. Siku njema inampa dola mbili tatu, siku mbaya inampa maumivu ya mgongo. Kupanda mikoko hakumlipi kitu. Alianza na wanawake wenzake wachache, wakiokota mbegu zinazoelea na kuzichomeka matopeni, huku wanaume wakiwauliza kwa kejeli kama wanalima mpunga. Miche ikashika. Ilipofika kimo cha paja, kejeli zikakoma.

Ndipo ngamia walipoigundua.

Wanawake wakaamua kuzungushia uzio. Na hapa, Barke anasema, walifanya kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote isipokuwa Mbajuni.

"Sisi kila kitu tunakifanya kwa wavu. Kuku tunamfungia kwa wavu, mtoto tunambembeleza kwenye wavu, dirisha likivunjika tunaziba kwa wavu. Tukasema basi, tuweke wavu."

Walichukua jarife kuukuu, ule wavu mzito wenye matundu makubwa wa kuvulia papa. Barke mwenyewe aliuziba ulipochanika, akaukaza kwa fundo asilojua mtu mwingine kulifungua. Wakaufunga kwenye vigingi kuvuka hori zima, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyekumbuka kwamba pale katikati, maji yakipwa, ndipo ngamia walipozoea kupita kwenda kisimani tangu enzi za mababu.

Jioni moja ndama wa ngamia aliutumbukiza mguu kwenye tundu. Alipovuta, akajifunga wa pili. Mama yake alilia hadi sauti ikafika kijijini, lakini wavuvi walidhani ngamia wanalia kama kawaida yao. Maji yakajaa.

Asubuhi walimkuta ameshakufa, amezongwa kama samaki.

Ndama alikuwa wa Mulki, mjane aliyeachiwa kundi dogo na mumewe. Kwake ndama jike ni maziwa ya kesho na mahari ya mtoto wa kiume. Kaka zake walifika kijijini na bunduki, wakasema waliotega mtego wajitokeze. Vijana wa kijiji nao wakakimbilia mapanga. Idris alishapakia watoto kwenye mashua, akamwambia mkewe waondoke waende Kiunga, Kenya, kabla jua halijapanda.

Barke alikataa. Maneno aliyomwambia mumewe anayarudia hadi leo, bila kupunguza hata moja.

"Mama yangu alikimbia bunduki asizozijua zinatoka wapi. Mimi nikimbie wavu nilioushona kwa mkono wangu? Sikimbii."

Alikwenda mwenyewe, peke yake, hadi alipokuwa amesimama Mulki kando ya mzoga. Akamwambia kwa Kisomali kwamba wavu ni wake na fundo ni lake, kwamba haukuwa mtego, na kwamba kufa kwa mnyama yule kunamuuma. Mulki aliuliza jambo moja tu, kwa nini wamewafungia njia ya maji.

Barke anasema swali hilo lilimchoma. Aliligeukia hori, akaiona njia, akajishangaa kwamba hakuwahi kuiona. Akachukua kisu, akaukata wavu vipande vipande. Halafu akainama akaanza kung'oa miche yake, ile iliyoshika vizuri kuliko yote, mmoja baada ya mwingine, kufungua njia. Alikuwa akilia huku anang'oa, na hafichi.

"Ile ilikuwa kama kung'oa nywele zangu," anasema.

Kaka zake Mulki walisimama wakitazama. Mwishowe Mulki akavua viatu, akashuka matopeni, mtu wa jangwani ambaye hajawahi kukanyaga tope la bahari, akaanguka mara ya kwanza, akaanguka mara ya pili. Akapokea ile miche iliyong'olewa na kuuliza itapandwa wapi.

Suala la ndama lilimalizwa na wazee wa pande zote kwa desturi, na Mulki akaridhishwa. Lakini amani, kwa maoni ya Barke, ilianzia pale matopeni. Wiki ile ile wafugaji walileta matawi ya miiba na kujenga ua kando ya njia, kama wanavyojenga zizi. Ngamia akiiona miiba hiyo anajua mpaka wake. Na wanawake wa kijiji wakakubali kukata matawi ya mikoko mikubwa inayohitaji kupunguzwa na kuwapa ngamia wanapotoka kunywa.

Leo mikoko ya mwanzo inampita Barke kichwani. Kaa wamerudi, na Idris, aliyewahi kuuliza kuhusu mpunga, sasa anavua kamba mlangoni mwa hori na kujifanya alijua tangu zamani. Kisima hakijawa kitamu kama alichosimuliwa Barke na mama yake, ila chai yake haihitaji tena kudanganywa kwa sukari nyingi.

Vumbi limefika. Ngamia wanajitokeza juu ya kilima, wamekonda, wananusa maji. Mbele yao yuko mwanamume mwenye bunduki begani, na anapouona ua wa miiba anaghadhibika. Anauliza kwa sauti ni nani aliyezungushia bahari ua.

Idris ameshashika kamba ya mashua. Barke anajinyoosha matopeni, anafuta mikono, anajiandaa kujibu. Hapati nafasi. Mulki anatokea kutoka upande wa kisimani, fimbo mkononi, na kusimama mbele ya yule mwanamume.

"Tumezungushia sisi," anamwambia. "Na mikoko tumepanda sisi. Njia yenu ni ile, iko wazi, maji yapo, mnywe salama. Lakini ngamia atakayetia mdomo humu ndani, atanijibu mimi."

Mwanamume anamtazama, anaitazama njia, anawatazama ngamia wake wenye kiu. Anageuza kundi. Wanapita mmoja mmoja katikati ya kuta mbili za kijani, shingo zimenyooka kuelekea kisimani.

Idris anaiachia kamba ya mashua.

Barke anasema bamvua lijalo, maji yatakapokupwa mbali kabisa, watahamia ukingo wa pili wa hori, ulio uchi bado, naye Mulki ameahidi kuleta wanawake wa kwao. Safari hii wataanza kwa kuacha njia, ndipo wapande. Anataka binti yake mdogo alikute hori lile alilosimuliwa yeye, asilie akidhani amedanganywa.

"Umemsikia?" anauliza, akimtazama Mulki anayehesabu ngamia wa wageni kwa fimbo. "Amesema tumepanda sisi. Yeye, aliyefiwa na ndama papa hapa."

Anatia mkono kapuni. Bado kuna miche, na maji yanaanza kurudi.